Kinakaa au kinapita? Namna ya kupima kinywaji cha kurudisha maji mwilini dhidi ya maji matupu

Jumamosi moja, saa moja na nusu asubuhi, tumerudi Raskazone tukiwa tumelowa mpaka soksi. Wanaoijua Tanga wakati wa kaskazi wanaelewa ninachosema: hewa yenyewe ina jasho. Kijana mmoja wa kikundi chetu cha kukimbia akachana pakiti ya unga wa rangi ya chungwa, akaumimina kwenye chupa ya maji, akatikisa, akanywa nusu kwa mkupuo mmoja. Mimi nilikuwa na maji yangu ya kuchemsha. Akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, hayo yanapita tu. Hiki kinakaa."

Muuza madafu aliyeegesha baiskeli pembeni akadakia: "Kinachokaa ni dafu, dogo. Hizo nyingine rangi tu."

Mabishano haya tunayo kila wiki, na kawaida mshindi ni mwenye sauti kubwa. Ila mimi nafundisha baiolojia, na lile neno "kinakaa" lilinigota. Ni dai linalopimika. Kinywaji kikikaa mwilini hakitoki. Kisipokaa utakiona baada ya saa moja au mbili, tena unaweza kukiweka kwenye mizani. Maabara haihitajiki. Unahitaji mizani ya jikoni, kopo lenye mfuniko, asubuhi kadhaa za Jumapili, na watu wa nyumbani wasio na maswali mengi. Nitakuwa nasema "mkojo" waziwazi, maana tukianza na "haja ndogo" tutafika jioni.

Jua kwanza unachouliza

Kinywaji kinaweza kukufanyia mambo matatu, na watu huyachanganya. Kinakata kiu. Kinakupa sukari, ukajisikia umechangamka. Na kinaweza kubaki mwilini muda mrefu kuliko maji. Mwongozo huu unapima hilo la tatu peke yake. Kiu hupoa hata kwa kusukutua maji baridi ukatema, na ule mchangamko ungeupata kwenye kikombe cha chai ya sukari. Kwa hiyo mtu akikuambia "mimi nikinywa hiki najisikia vizuri", mpe hongera, halafu mpe kopo.

Tenganisha pia vitu dukani kabla hujatoa hela. Vile vikopo na chupa ambazo vijana wanaziita "enaji" ni kafeini na sukari nyingi; havikutengenezwa kwa ajili ya kurudisha maji. Glukosi ya unga, ile tunayowakorogea watoto siku ya mechi, ni sukari tu, haina chumvi. Vinywaji vya wanamichezo vina sukari kiasi na chumvi kidogo. Mkubwa wao ni Gatorade, iliyobuniwa mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, na Robert Cade na wenzake kwa ajili ya wachezaji wa timu ya chuo. ORS ya duka la dawa, ule unga wa sukari na chumvi anaokorogewa anayeharisha, ndiyo yenye chumvi ya maana. Dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jambo hilo litatusumbua baadaye.

Kwa nini kitu kikae

Ukinywa lita nzima ya maji matupu kwa haraka, damu inazimuka kidogo. Ubongo unagundua, unapunguza homoni inayozuia mkojo, figo zinafungulia bomba. Kinywaji chenye sodiamu ya kutosha hakiizimui damu kwa kiasi hicho, basi bomba linafunguliwa nusu.

Sukari nayo ina kazi yake, mradi isizidi. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna mlango unaopitisha glukosi na sodiamu kwa pamoja, na maji yanafuata nyuma. Robert Crane aliueleza mlango huo huko Prague mwaka 1960. Mwaka 1971 kipindupindu kiliingia kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India. Dripu zikaisha, na daktari Dilip Mahalanabis akaamua watu wanyweshwe maji yenye glukosi na chumvi. Vifo vilivyokuwa vimefika hadi asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. Ile pakiti unayoipata duka la dawa bila cheti ina ukoo huo.

Sasa chukua chupa unayotaka kuipima, igeuze usome nyuma. Tafuta sodiamu kwa kila mililita 100. ORS ya fomula ya mwaka 2002 ya Shirika la Afya Duniani ina milimoli 75 za sodiamu kwa lita. Milimoli moja ni miligramu 23, kwa hiyo unapata karibu miligramu 172 kwa kila mililita 100. Kinywaji cha kawaida cha wanamichezo kina kama milimoli 20 kwa lita, yaani miligramu 46 hivi kwa mililita 100. Lebo nyingine huandika "chumvi" badala ya sodiamu. Hapo gawanya kwa 2.5 upate sodiamu. Andika namba hiyo kwenye daftari, na ubashiri wako pembeni: kitakaa au kitapita? Ukikuta miligramu 5 au 10, unaweza kukunja daftari na kurudisha kinywaji kwenye rafu. Wengi hapa ndipo wanapomaliza jaribio bila kukojoa hata tone.

Asiyepaswa kujaribu

Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa figo, wa moyo au kisukari, mjamzito, mtoto, na yeyote anayetumia vidonge vya kuongeza mkojo: hili si lenu. Anayeharisha au kutapika naye hajaribiwi. Huyo anapewa ORS, mtoto anaongezewa na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na akilegea, macho yakizama au akishindwa kunywa anapelekwa kituo cha afya saa hiyohiyo.

Hatua ya 1: Kusanya vifaa

Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja na kubeba angalau kilo 3. Kopo la plastiki la lita mbili, mdomo mpana, mfuniko unaokaza. Dada atumie lenye mdomo mpana zaidi ili lisimtese. Kikombe kinachochukua mililita 250. Saa, daftari, kalamu. Kwa jaribio la pili utahitaji pia mizani ya kupimia uzito wa mwili, ya kidijitali, inayoonyesha gramu mia mia.

Kwa nini tupime kwa uzito wakati jagi lina mistari? Kwa sababu mistari ya jagi la plastiki inadanganya, na jicho la mtu mwenye usingizi linadanganya zaidi. Gramu moja ya mkojo ni karibu mililita moja. Kosa lililopo ni dogo kuliko la kukadiria kwenye mstari. Pima kopo tupu kwanza, andika uzito wake juu ya mfuniko, na kila ukipima toa namba hiyo.

Hatua ya 2: Andaa vinywaji

Usianze na vinywaji vitano. Anza na maji, ORS, na kile kimoja kinachokutia ubishi. ORS iko hapo kwa sababu maalumu: ni kipimo cha jaribio lenyewe. Tunajua inakaa kuliko maji. Kama kwenye daftari lako ORS na maji vimetoka sawasawa, kosa liko kwenye upimaji wako, na usiseme neno kuhusu kinywaji cha tatu.

Koroga kama pakiti inavyosema. Pakiti nyingi ni za lita moja, lakini zipo za kiasi kidogo zaidi, soma. Kama huna pakiti, mchanganyiko wa nyumbani ni vijiko 6 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa kwa kisu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, nacho kimesawazishwa, ndani ya lita moja ya maji safi. Nusu, narudia. Chumvi ikizidi inageuka hatari.

Dafu lina shida yake: madafu mawili ya mnazi mmoja hayafanani, na la leo limeanza kuwa koroma wakati la juzi lilikuwa maji matupu. Nunua ya kutosha siku moja, changanya maji yake yote kwenye ndoo safi, chuja, gawa kwenye chupa za lita moja, gandisha zote. Toa moja usiku wa kuamkia jaribio iyeyukie kwenye friji. Muuza madafu wangu aliposikia nagandisha dafu alinitazama kama niliyemtukania mama.

Vinywaji vyote vinywewe vikiwa na ubaridi uleule. Usilinganishe maji ya mtungi na unga uliotoka kwenye friji.

Hatua ya 3: Piga kura ya mpangilio

Kila kinywaji kijaribiwe mara tatu. Vinywaji vitatu ni siku tisa, na kati ya siku moja na nyingine pumzika angalau siku mbili. Andika majina kwenye vikaratasi tisa, kunja, tia kwenye kofia, okota kimoja kimoja. Ukianza na siku zote za maji, halafu siku zote za ORS, unaweza kuwa unapima hali ya hewa: maji uliyapima Machi jua likiunguza, ORS umeifikia Mei mvua za masika zinamwagika, na mwili ulitoa jasho tofauti kabisa.

Kujificha jina la kinywaji ni vigumu, ulimi unajua. Lakini anayepima anaweza kufichwa. Kwangu mke wangu ndiye hushika orodha na kujaza chupa. Mimi nakunywa, nakojoa kwa saa, naliacha kopo dirishani. Mwanangu wa kidato cha tatu anasoma mizani bila kujua nilikunywa nini, na kwa malipo ya vocha. Kama uko peke yako, jilinde kwa kitu kimoja: namba ikiandikwa haifutwi.

Hatua ya 4: Jana yake

Hapa ndipo majaribio mengi ya nyumbani yanapofia. Chakula cha usiku kiwe kilekile, saa ileile, kwa siku zote tisa. Mimi nilichagua wali na maharage. Usinywe pombe, usikimbie jioni, usile vya chumvi nje ya ratiba. Wiki ya pili nilipita barabarani jioni, nikanunua mihogo ya kukaanga ya shilingi mia tano yenye chumvi na pilipili. Asubuhi yake ilikuwa zamu ya maji. Maji yakakaa mwilini ajabu! Nikaanza kujiona nimegundua kitu, mpaka mke wangu akauliza jana nilikula nini. Siku ile nikaipigia mstari.

Hatua ya 5: Asubuhi yenyewe

Saa 12:00, amka, usile, usinywe chai wala kahawa. Kunywa nusu lita ya maji matupu taratibu. Hii ni ili kila siku uanze ukiwa kwenye hali ileile. Ukianza siku moja ukiwa mkavu na nyingine ukiwa umejaa, hulinganishi vinywaji tena.

Saa 1:00, nenda chooni umalize kabisa kibofu. Mkojo huu unamwagwa, hauhesabiwi. Kisha anza kunywa lita moja ya kinywaji cha siku: kikombe cha kwanza saa 1:00, cha pili baada ya dakika saba au nane, hivyo hivyo mpaka cha nne kiishe kabla ya saa 1:30. Usikinywe kwa mkupuo kama yule kijana. Tumbo likijazwa kwa ghafla linamwaga kwa namna yake, na matokeo yako yatafanana na ya mkupuo tu.

Saa 1:30 ndipo saa ya jaribio inaanza kuhesabu. Utakojoa ndani ya kopo saa 2:30, 3:30, 4:30 na 5:30, ubanwe usibanwe. Ukibanwa katikati, kojoa humohumo, jumlisha kwenye saa inayofuata. Ratiba ya saa ina maana: ukingoja ubanwe, siku ambayo una hamu kinywaji fulani kishinde utajikuta unavumilia.

Muda wote huo kaa kivulini. Soma gazeti, sahihisha madaftari, chambua mchele. Usipige deki, usiende sokoni, usikae jikoni kwenye jiko la mkaa. Jasho ni maji yanayotoka bila kupita kwenye kopo. Na usile mpaka saa 5:30. Njaa itauma, hasa jirani akianza kukaanga vitumbua.

Jirani huyohuyo aliniharibia siku ya sita. Aliniita nimsaidie kusogeza kabati, nikasogeza, tukapiga soga, nikabanwa, nikaingia chooni kwake kama mtu wa kawaida. Nilikumbuka kopo nikiwa tayari nanawa mikono. Ukipoteza mkojo hata mara moja, siku imekufa. Irudie nyingine, usikadirie.

Hatua ya 6: Hesabu

Jumlisha gramu za vipindi vinne upate mkojo wa siku. Chukua wastani wa siku tatu za maji, ugawe kwa wastani wa siku tatu za kinywaji. Tuseme, kwa mfano tu wa hesabu, siku za maji zilitoa gramu 910, 870 na 950; wastani ni 910. Kinywaji kilitoa 700, 640 na 730. Wastani ni 690. 910 gawanya kwa 690 ni 1.32. Maji yenyewe ni 1, kwa hiyo kinywaji hiki kinakaa kuliko maji.

Usishangilie bado. Angalia kama namba zinaingiliana. Siku ya maji yenye mkojo mdogo kuliko zote ni 870; siku ya kinywaji yenye mkojo mwingi kuliko zote ni 730. Haziingiliani, una haki ya kusema. Lakini kama kinywaji kingetoa 880, 790 na 960, wastani ungekuwa 877 na jibu 1.04. Hapo siku zimeingiliana kama vidole, na hiyo 0.04 haina thamani ya kununulia hata pipi. Sema "sikuona tofauti" na uishie hapo.

Ili ujue uko wapi, kuna utafiti wa mwaka 2016 wa Ronald Maughan na wenzake ambao hesabu hii imetoka kwao. Wanaume 72, vinywaji 13, lita moja kwa nusu saa, saa nne za kukusanya mkojo. Maji yalitoa wastani wa gramu 1,337 za mkojo, ORS gramu 1,038, maziwa ya mafuta 1,052 na maziwa yaliyotolewa mafuta 1,049. Ndiyo, maziwa. Yana sodiamu, potasiamu, protini na sukari yake, na hutoka tumboni polepole. Kwa upande wa pili, chai, kahawa, soda ya kola, juisi ya machungwa na hata kinywaji cha wanamichezo havikutofautiana na maji mwisho wa saa nne. Walioambiwa na bibi zao kwamba chai inakausha mwili wana cha kujibu, kwa adabu.

Hatua ya 7: Rudia ukiwa na jasho

Jaribio la kukaa kivulini linajibu swali la kivulini. Yule kijana alikuwa ametoka kukimbia, na mwili uliopungukiwa hushika maji tofauti na ulioshiba. Kwa hiyo fanya la pili.

Kojoa, vua nguo zote, jikaushe, jipime. Kimbia saa moja, njia ileile kila mara. Mimi naenda mpaka Hoteli ya Mkonge na kurudi, kisha nazunguka tena. Rudi, vua, futa jasho lote kwa taulo, jipime tena. Usijipime na nguo, fulana iliyolowa inabeba jasho lako lenyewe. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Ulikuwa kilo 68.4, umerudi 67.2: pengo ni kilo 1.2. Kama njiani ulikunywa mililita 300, ujue jasho lako halisi ni lita 1.5, namba nzuri ya kuijua hata bila jaribio.

Sasa kunywa mara moja na nusu ya pengo, yaani lita 1.8 kwa mfano huu, kwa vipimo vinne sawa ndani ya saa moja. Hii ziada si ubadhirifu. Ukirudisha kiasi kilekile kilichopungua, sehemu itatoka kama mkojo na utabaki na deni. Kisha kusanya mkojo kwa saa nne kama mwanzo, na hesabu asilimia iliyobaki: kilichonywewa toa mkojo, gawanya kwa kilichonywewa. Lita 1.8 toa 0.72, imebaki 1.08, sawa na asilimia 60.

Usivuke mara moja na nusu. Maji yakizidi yanazimua sodiamu ya damu, na watu wameshakufa kwa hilo wakidhani wanajitunza. Wanariadha 488 waliopimwa damu mwishoni mwa Boston Marathon ya mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini, na dalili kubwa ilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio. Ukirudi kutoka kukimbia mizani inasoma zaidi ya ulivyoondoka, ulikunywa kupita kiasi. Kichwa kikianza kuuma, kichefuchefu kikija na akili ikiwa nzito baada ya maji mengi, acha kunywa na uende hospitali.

Hatua ya 8: Ongeza mshindani ambaye hauzwi kwenye chupa

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo iliyonyamazisha kikundi. Baada ya kukimbia hakuna anayeishi kwa kinywaji peke yake. Watu wanakwenda kula. Kwa hiyo weka siku tatu za maji pamoja na bakuli la supu ya pweza na chapati moja, zichanganywe na siku za kinywaji kwa kura ileile. Supu ipimwe kwenye mizani iwe sawa kila siku, na maji yake yahesabiwe ndani ya kile kiasi ulichopaswa kunywa.

Kwangu siku za maji na supu zilikojolewa kidogo kuliko siku za ule unga wa rangi ya chungwa, bila kuingiliana hata mara moja. Haikuwa miujiza. Chumvi ya supu na ya chapati ilifanya kazi ambayo unga ulikuwa na chumvi kidogo mno kuifanya. Dafu peke yake lilikaa katikati, siku zimeingiliana na za maji; dafu pamoja na chapati likapanda. Muuza madafu ameliona hilo kama ushindi na sijamsahihisha.

Usichopaswa kukiamini

Rangi ya mkojo. Baadhi ya unga wa vinywaji hivi una vitamini B2, ambayo hugeuza mkojo njano kali hata kama umeshiba maji, na mtu akajidhania amekauka akanywa nyingine. Usiamini pia namba za mtu mmoja kwa ajili ya wote. Wapo wenzangu ambao jasho lao likikauka huacha mistari myeupe kwenye kofia, na wapo ambao kofia inabaki safi. Wa kwanza wanapoteza chumvi zaidi. Jaribio lako linakuhusu wewe, kwenye joto lako. Wala halisemi lolote kuhusu kasi. Kwa mbio ndefu za saa mbili na kuendelea, sukari iliyo ndani ya kinywaji ni chakula cha misuli, na kinywaji "kinachopita" kinaweza bado kukusaidia kumaliza.

Kila mwaka ikifika Shaaban naulizwa kinywaji gani ninywe wakati wa daku kikae mpaka magharibi. Lita moja iliyonywewa dakika za mwisho kabla ya adhana, iwe ya nini, sehemu kubwa inaweza kuwa imeshatoka kabla ya adhuhuri. Gawa kunywa kwako kuanzia futari hadi daku, na kula daku yenye uji wa maziwa au mchuzi. Jaribio lenyewe usilifanye ukiwa umefunga.

Mwisho ongeza safu ya bei kwenye daftari. Kwa kukimbia nusu saa au dakika arubaini na kurudi nyumbani kwenye chai, mimi sioni cha kulipia zaidi ya maji. Ukitoka jasho saa mbili juani, shambani au kwenye mbio, pakiti ya ORS ni ya bei ndogo na ladha mbaya, na inafanya kazi. Yule kijana naye alifanya siku zake tisa, kwa uaminifu kuliko nilivyotarajia. Namba za unga wake ziliingiliana na za maji. Bado anaununua, anasema anapenda ladha ya chungwa, na hilo halina ubishi.

Kopo lioshe kwa sabuni na maji ya moto, lianike juani, halafu liandike kwa kalamu ya wino usiofutika, pande zote mbili: LA BABA, SI LA UNGA. Mimi nilichelewa siku moja kuandika, nikalikuta jikoni limejaa sukari.